NYUMBA YENYE KELELE NA MUTOTO ANAYENYAMAZA

Somo letu ni juu ya nyumba yenye watoto wengi wadogo. Labda unasoma karatasi hizi na mutoto mumoja mugongoni, mungine anavuta kikwembe chako, na wa tatu anakuita kutoka inje kwa sababu kuku amenyakua muhogo wake. Usione haya. Mimi ninayeandika ni munganga katika hospitali, lakini ni mama wa watoto 5 vilevile, na kwa miaka mingi sikunywa chai yangu ingali moto.

Tutazame asubuhi. Mutoto muchanga analia, unamunyonyesha. Yule wa miaka 2 anaamka, anaona pahali pake pamechukuliwa, naye analia. Wa miaka 4 amekojoa juu ya mukeka, lakini anasema ni mudogo wake aliyekojoa. Wa miaka 7 anatafuta kalamu yake ya masomo, na kalamu iko katika kinywa cha mutoto. Maji yamekwisha katika bidoni. Makala hayataki kushika moto. Baba anauliza: «Shati langu liko wapi?» Shati lake limefungwa mugongoni mwa binti yake, na ndani yake kuna gunzi la mahindi. Ni «mutoto» wake, amelala, baba asimuamushe.

Wageni wakipita wanasema: «Nyumba hii ina kelele!» Nawe unasikia haya. Lakini nakuambia, usihuzunike kwa sababu ya kelele. Mutoto anayekimbia, anayecheka, anayegombana kwa ajili ya kikombe, anayeomba chakula kabla hakijaiva, huyo ana nguvu mwilini. Katika hospitali, mutoto aliyelala siku nyingi akianza kupiga kelele na kutupa kijiko chini, sisi wanganga tunafurahi. Tunaambiana: «Sasa anapona.» Chumba cha watoto wagonjwa sana hakina kelele. Mimi naogopa kimya cha chumba kile kuliko kelele yoyote ya nyumbani.

Basi neno la somo letu ni hili, ulishike moyoni: KATIKA NYUMBA YENYE KELELE, UMUTAFUTE MUTOTO ANAYENYAMAZA. Kuna kimya cha namna 4.

1. KIMYA CHA GHAFULA

Watoto wanacheza nyuma ya nyumba. Sauti zao zinafika kwa jirani. Kisha, ghafula, kimya. Mama, usiseme: «Sasa nipumzike kidogo.» Simama, uende kuona. Mara nyingi utakuta wamemwaga unga chini wakipika bugali ya matope, ao wamemupaka mbuzi majivu. Utakasirika, kisha utageuza uso ili wasikuone unacheka. Lakini siku moja unaweza kukuta jambo lingine.

Petroli ya taa isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mutoto anajua ya kuwa chupa ile ni ya kitu kitamu. Akiinywa, usimutapishe, kwa maana petroli inayorudi juu inaweza kuingia katika mapafu. Umupeleke kwa munganga upesi.

Ndoo ao beseni yenye maji isiachwe pahali pa wadogo. Mutoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika maji yasiyofika goti lako, naye hapigi kelele.

Mbabula na sufuria ya moto ziwekwe pahali ambapo mukono mudogo haufiki. Mutoto akiungua, umwagie maji safi ya baridi juu ya kidonda kwa dakika 20. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala yai, wala udongo. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja cha mutoto mwenyewe, ao kikiwa usoni ao mikononi, umupeleke hospitali.

2. KIMYA CHA MUGONJWA

Mutoto anayeharisha kwanza analia na kuomba maji. Akizidi kupoteza maji, analia bila machozi. Kisha haombi tena. Mama anasema: «Sasa ametulia.» Hapana, mama. Hajatulia, anakauka. Macho yake yameingia ndani, na ukifinya ngozi ya tumbo lake inarudi polepole. Mutoto wa namna hii aende hospitali saa ileile.

Lakini kwa nini ungoje hata afike hapo? Tangu choo cha kwanza cha maji, uendelee kumunyonyesha, tena umupe maji ya paketi ya SRO. Kama huna paketi, chukua litre 1 ya maji safi yaliyochemushwa na kupoa. Tia sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu ya kijiko kidogo, vijiko vyote vikiwa sawasawa na ukingo, si kilima. Umupe kidogo kidogo kwa kikombe. Munganga akikupa vidonge vya zinki, umupe hata siku zote ziishe, hata kama kuharisha kumekoma.

Tena umutazame mwenye homa. Mutoto anayelala muchana wenzake wakicheza, asiyeweza kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, ao aliyeshikwa na degedege, huyo apelekwe leo, si kesho. Malaria inaweza kuua mutoto mudogo katika siku 1 ao 2. Usiku wote walale ndani ya chandarua. Watoto 3 wakilala chini ya chandarua kimoja, yule wa pembeni hutoa muguu inje, na mbu anajua muguu ule. Kabla ya kulala wewe mwenyewe, rudisha miguu yote ndani.

3. KIMYA CHA MUTOTO ALIYEPOTEZA PAHALI PAKE

Hapa nitakueleza jambo la nyumba yangu mwenyewe, ingawa linaniumiza.

Mwaka 2012 nilizaa mutoto wa 4. Yule wa 3 alikuwa na mwaka 1 na miezi 7. Nilikuwa nimemuachisha ziwa siku nilipojua kwamba nina mimba, kwa maana watu wa nyumbani walisema ziwa la mimba linaua mutoto. Nilijifunza ya kuwa si kweli, lakini nilichoka kubishana. Tangu siku ile alikula pamoja na wakubwa wake katika sahani moja, bugali na sombe. Mikono yao ilikuwa mikubwa na ya mbio, wake ulikuwa mudogo na wa polepole. Wao walikula matonge 5, yeye 1. Hakulia. Aliketi karibu na mulango akiwatazama wengine wakicheza. Nami nilimusifu mbele ya watu: «Huyu ni mutoto mwema, hasumbui mutu.»

Muchana nilikwenda kazini kufundisha wamama wengine namna ya kupima mikono ya watoto wao. Jioni nilirudi, nikafunga mutoto muchanga mugongoni, nikapika. Siku moja jirani alikuja kuomba chumvi. Akatazama karibu na mulango, akaniuliza: «Mama munganga, mbona miguu ya huyu imenona hivi?» Nikapiga magoti. Nikabonyeza miguu yake yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nikatazama nywele zake, zilikuwa laini na nyekundu kidogo. Nywele zile nilikuwa nikiziosha kila siku ya posho, lakini sikuziona.

Alilala hospitalini majuma 3. Siku ya 9 alimupiga mutoto wa kitanda cha jirani kwa ajili ya biskuti. Nikalia kwa furaha. Leo ni kijana anayepita kimo cha baba yake, na sauti yake inasikiwa katika njia yote.

Ugonjwa huu katika Kivu watu wanauita bwaki. Wanganga wa dunia wanauita kwashiorkor. Jina hili ni la luga ya Kiga, kule Ghana. Munganga mwanamuke jina lake Cicely Williams alifanya kazi kule, akaandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akawaeleza wanganga wenzake jina ambalo wenyeji walilitumia. Maana yake ni ugonjwa unaomushika mutoto wakati mudogo wake anapozaliwa. Angalia hekima ya wamama wale! Walijua ni mutoto gani wa kutazamwa: si yule wa mugongoni, ni yule aliyeshushwa.

Ufanye nini basi?

(a) Mutoto anyonye ziwa peke yake miezi 6. Kisha apate chakula pamoja na ziwa hata atimize miaka 2 na zaidi. Mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu.

(b) Kila mutoto mudogo awe na sahani yake. Hata kifuniko cha sufuria chafaa. Ukiona sahani yake, utajua alichokula na alichoacha.

(c) Bugali peke yake inajaza tumbo, haijengi mwili. Ongeza maharagi, kalanga zilizotwangwa, ndagala ao sambaza, yai ukilipata, na kijiko cha mawese. Uji wa masoso, yaani mahindi, mtama na soja, ni mwema sana, lakini soja ikaangwe kabla ya kusagwa. Mutoto wa mwaka 1 ale mara 3 ao 4 kwa siku, kwa maana tumbo lake ni dogo.

(d) Kila juma ubonyeze miguu yake. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, usingoje. Tena umupeleke kwenye kituo cha afya apimwe mukono kwa utepe. Mutoto wa miezi 6 hata miaka 5, mukono wake ukiwa chini ya sentimetre 11 na nusu, yuko katika rangi nyekundu, na rangi nyekundu ni hatari. Kutoka hapo hata sentimetre 12 na nusu ni rangi ya manjano: ongeza chakula, urudi kupimwa.

(e) Wewe na baba muongee na munganga juu ya kuachanisha mimba. Ni vema miaka 2 ipite baada ya kuzaa kabla ya mimba nyingine. Huku si kukataa watoto. Ni kumupa kila mutoto zamu yake juu ya mapaja ya mama.

4. KIMYA CHA YAYA

Yuko mutoto mungine ambaye hatumuoni kwa sababu anafanya kazi. Ni yaya, musichana wa miaka 8 ao 9. Anabeba mudogo wake, anafagia, anaosha sahani, anateka maji. Bidoni ya litre 20 ikijaa ina kilo 20, na labda yeye mwenyewe hafiki kilo 30! Watu wanasema: «Huyu amekwisha kuwa mama.» Hapana, hajawa mama, yeye ni mutoto.

Umupe bidoni ndogo. Mugawanye kazi na ndugu zake wanaume, kwa maana fagio haliulizi mushikaji wake ni nani. Asikose masomo kwa sababu ya kulinda mutoto. Siku nyingine umwambie: «Leo weka mudogo wako chini, nenda ukacheze kamba.» Utasikia kelele yake, nawe utashangaa, kwa maana hukuisikia siku nyingi.

Nawe baba, mugongo wako hautavunjika ukibeba mutoto. Nimeona baba mumoja akija siku ya kupima kilo na mapacha, mumoja kila mukono. Wamama wote walicheka. Juma lililofuata wawili kati yao walikuja na waume zao.

HESABU YA JIONI

Labda utaniambia: «Mama munganga, maneno haya ni mazuri, lakini nitapata wapi wakati?» Nami sikuwa nao. Ndiyo maana tangu ugonjwa ule nilianza desturi moja. Kila jioni, kabla ya maombi na kulala, nawaita watoto wangu kwa majina, mumoja mumoja, kutoka mudogo hata mukubwa. Kila mumoja anakuja mbele yangu karibu na taa. Namutazama usoni, namushika paji la uso, mukono na miguu, kisha namuuliza: «Leo umekula nini? Leo umecheka nini?» Ni dakika chache tu.

Siku za kwanza walifikiri ni muchezo, wakasukumana ili kuwa wa kwanza. Mumoja alirudi mara 2 kwa jina la mwenzake. Lakini katika dakika zile nimegundua homa, muiba katika muguu, na siku moja huzuni ya mutoto aliyechekwa shuleni. Tena nimepata furaha zangu nyingi hapo. Kwa ile «Umecheka nini?» nimesikia habari za mbuzi, za mwalimu aliyeanguka matopeni, na za baba yao ambazo hakutaka nizisikie.

Mama, kelele za nyumba yako hazitadumu. Siku moja watoto watakuwa wakubwa, utakunywa chai yako moto, na nyumba itakuwa kimya. Leo uzisikilize vema, uhesabu sauti zao. Kama sauti moja inakosa, inuka umutafute.

MAULIZO

1. Kwa nini hatuweki petroli katika chupa ya soda?
2. Mutoto anayeharisha akinyamaza na macho yake yakiingia ndani, utafanya nini?
3. Utajuaje ya kuwa miguu ya mutoto imevimba, si kunona?
4. Ni mutoto gani aliye karibu na hatari ya bwaki: yule wa mugongoni, ao yule aliyeshushwa?
5. Katika nyumba yako, ni nani aliyenyamaza leo?