Kavunjiwa Mkataba au Katimuliwa? Rekodi za Makocha Waliolipwa Waondoke

Wilaya ya Ngara imepakana na Burundi kwa upande wa Kabanga na imepakana na Rwanda kwa upande wa Rusumo. Yuko kocha aliyezifundisha timu za taifa za nchi hizo mbili, na ya Tanzania pia. Ni Adel Amrouche, mzaliwa wa Algeria. Intamba ya Burundi alikuwa nayo kuanzia 2007 hadi 2012. Taifa Stars alikabidhiwa Machi 2023, na Septemba mwaka huohuo akaipeleka AFCON kwa sare ya 0-0 ugenini dhidi ya Algeria, nchi aliyozaliwa. Machi 2025 akachukua Amavubi ya Rwanda. Shabiki wa Ngara anayesikiliza redio za pande zote tatu amelisikia jina hilo likishangiliwa na kulaumiwa kwa lugha zote za mpakani.

Rekodi yake nzito zaidi, hata hivyo, iko Kenya. Aliichukua Harambee Stars 2013, akatwaa nayo Kombe la Chalenji Desemba mwaka huo, na Agosti 2014 akafukuzwa baada ya Kenya kutolewa na Lesotho katika mechi za kufuzu AFCON. Mkataba ulikuwa bado hai. Akaenda FIFA, shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na mwisho wa yote shirikisho la Kenya likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100 za nchi hiyo. Deni hilo liliwanyima usingizi viongozi waliokuja baadaye, ambao hata mkataba wenyewe hawakuusaini.

Hapo hakuna mtu anayebisha: alitimuliwa, kisha akalipwa kwa amri. Ubishi unaanza pale mwajiri anapomuita kocha mezani mapema, anakubali kumlipa kiasi fulani cha miezi iliyobaki, na jioni inatoka taarifa yenye nembo ya klabu kwamba pande mbili zimekubaliana kusitisha mkataba. Je, huyo naye anaingia katika orodha ya waliofukuzwa? Vijana wanaoangalia mechi kwenye vibanda umiza pale Nyakanazi, njia panda ya Biharamulo ambako malori ya Rwanda, Burundi, Kigoma na Kahama hukutana, wana jibu la haraka: kibarua kimeota nyasi, basi. Mimi niko nao kwa sehemu kubwa. Kipimo changu ni kimoja: nani alitaka mkataba uishe? Kama ni mwajiri, kocha kafukuzwa, hata akiondoka na mfuko wa dola. Fedha inaonyesha kufukuza kumegharimu kiasi gani, na haifuti ukweli kwamba kumefanyika.

Fidia kubwa kuliko zote

Katika hili Wamarekani hawana mpinzani, tena kwa makocha wa vyuo. Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimuondoa kocha wake wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, na kukubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75, malipo yakipangwa kuendelea hadi 2031. Ni rekodi ya vyuo vya huko. Mkataba haukumlazimisha kutafuta kazi nyingine, na hata akiipata hakatwi senti.

Lakini tukio linalogusa swali letu moja kwa moja lilitokea miaka miwili baadaye. Jumamosi ya 25 Oktoba 2025, chuo cha LSU kule Louisiana kilifungwa nyumbani 49-25 na haohao Texas A&M. Kesho yake kocha Brian Kelly akaambiwa safari imeisha. Mkataba wake wa miaka 10 ulikuwa na kifungu kwamba akiondolewa bila kosa atalipwa, na hesabu ilifika kama dola milioni 54. Chuo kikataka kumpa pungufu kwa mkupuo, naye akakataa. Novemba akafungua shauri akiomba mahakama itamke kwamba amefukuzwa bila kosa, kwa sababu mawakili wa chuo walikuwa wameanza kudai kwamba kisheria hajafukuzwa bado: mkurugenzi wa michezo aliyemwambia aondoke hakuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Mkurugenzi huyo mwenyewe alikuwa keshaondoka. Timu ilikuwa na kocha wa muda, dunia nzima ilijua Kelly hana kazi, na bado mwajiri alishikilia kwamba hajamfukuza. Mwishoni mwa Novemba chuo kikamwandikia barua kukiri kwamba ameondolewa bila kosa na atalipwa.

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini waajiri wanapenda ukungu katika maneno ya kuagana. Kila neno lina bei yake. Ukiandika "bila kosa" unalipa mamilioni, ukiandika "kwa kosa" hulipi, na ukiandika "tumekubaliana" unalipa kile tu mlichopatana siku ile. James Franklin wa Penn State alifukuzwa Oktoba hiyohiyo akiwa anadai karibu dola milioni 49. Mwezi uliofuata akapata kazi Virginia Tech na akakubali milioni 9. Deni lilishuka, ila kufukuzwa kwake kulibaki palepale.

Siku mbili, kauli moja

Kwetu Afrika Mashariki mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Julai 2019, baada ya AFCON ya Misri. Tarehe 7 shirikisho la Uganda lilitangaza kwamba limekubaliana na Sébastien Desabre kuachana. Tarehe 8 TFF ikatangaza kwamba imekubaliana na Emmanuel Amunike kuachana. Tofauti ni siku moja, na lugha ni ileile. Desabre alikuwa ameifikisha Uganda hatua ya 16 bora, na mwezi huohuo akatua Pyramids ya Misri. Amunike alikuwa ameirudisha Tanzania AFCON baada ya miaka 39, kisha akafungwa mechi zote tatu za kundi, na Senegal, Kenya na Algeria. Yeye hakuwa na klabu iliyokuwa ikimsubiri mlangoni. Ukizisoma taarifa mbili hizo bila kujua kilichotokea uwanjani, utadhani ni mapacha. Mimi Desabre namwandika aliyeondoka, na Amunike namwandika aliyefukuzwa.

Waliokaa muda mfupi, na waliopewa barua upesi

Ukitaka rekodi ya kutimuliwa bila kufungwa, mtafute Zlatko Krmpotic, Mserbia aliyeichukua Yanga mwishoni mwa Agosti 2020. Aliiongoza mechi 5 za ligi. Sare moja na Prisons, kisha akashinda nne mfululizo, mojawapo ikiwa bao 1-0 dhidi ya Kagera Sugar hapa mkoani kwetu, Kaitaba, Bukoba. Tarehe 3 Oktoba Yanga iliifunga Coastal Union 3-0, na usiku huohuo habari zikatoka kwamba Krmpotic hana kazi. Kocha ambaye hajapoteza mechi hata moja ya ligi ameondoka kabla msimu haujakolea! Hata wale wa Kagera waliofungwa naye walimwonea huruma.

Romain Folz wa Yanga hiyohiyo alikaa muda mrefu kidogo, kuanzia Julai hadi 18 Oktoba 2025. Aliifunga Simba kwenye Ngao ya Jamii, lakini bao moja la Silver Strikers kule Malawi lilitosha kummaliza, na kufukuzwa kwake kulitangazwa siku ileile.

Simba nao wana yao. Tarehe 24 Oktoba 2021 walifungwa 3-1 na Jwaneng Galaxy pale Benjamin Mkapa, wakatolewa Ligi ya Mabingwa kwa mabao ya ugenini, na siku mbili baadaye wakaachana na Didier Gomes. Tarehe 5 Novemba 2023 walifungwa 5-1 na Yanga, na siku mbili baadaye wakaachana na Robertinho. Kauli ilikuwa makubaliano. Siamini kwamba kocha aliyefungwa mabao matano na mtani wake Jumapili anaamka Jumanne akiwa ameridhika moyoni kwamba wakati wake wa kuondoka umefika.

Ila klabu hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha kutohukumu kwa kauli peke yake. Septemba 2022 iliachana na Zoran Maki, nayo ikaita makubaliano. Msimu ulikuwa ndio kwanza umeanza, timu haikuwa na msiba wowote, na Maki akaenda Al Ittihad ya Alexandria. Huyo alitaka kwenda. Ndiyo maana nasema usiangalie taarifa, angalia nani alikuwa na haraka.

Aliyejiuzulu lakini akafukuzwa

Iko pia rekodi ya kinyume. Julai 2017 Micho, yaani Milutin Sredojevic, aliyewahi kuifundisha Yanga, aliiacha Uganda Cranes mwenyewe. Alikuwa ndiye aliyeirudisha Uganda AFCON mapema mwaka huo baada ya takriban miaka 40, lakini mishahara yake ilikuwa imelimbikizwa. Alitangaza kuondoka kwa mdomo wake, ila mtu asiyelipwa miezi kadhaa haachi kazi kwa hiari. Kazi ndiyo iliyomwacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaliona jambo hili vilevile: mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, hesabu yake ni kuachishwa.

Orodha ya waliotimuliwa wakafika mbali zaidi naiacha kwa jina moja tu. Miguel Gamondi alifukuzwa Yanga Novemba 2024 baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, miezi michache tu tangu atwae ubingwa. Mwaka mmoja baadaye TFF ikaachana na Hemed Suleiman 'Morocco', kwa makubaliano tena, wiki chache kabla ya AFCON ambayo kocha huyo mwenyewe ndiye aliyeifuzisha Stars, na aliyeitwa kuziba pengo ni Gamondi. Stars ikafika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake. Nafurahia rekodi hiyo kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini kuamini kwamba kocha mzalendo alichagua mwenyewe kuiacha fainali aliyoitolea jasho, hapo nashindwa.

Kwa nini jambo hili ni letu

Makocha wakubwa wana mawakili. Wana pia kanuni za FIFA za mikataba ya makocha, zilizoanza kutumika Januari 2021, zinazosema kocha aliyevunjiwa mkataba bila sababu ya haki alipwe thamani ya muda uliobaki, na akipata kazi mpya kiasi kipunguzwe. Klabu isiyolipa inafungiwa kusajili. Krmpotic na siku zake chache hawezi kuegemea sheria yetu ya kazi, kwa kuwa ulinzi wake dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6, lakini mkataba wake na mlango wa FIFA, uleule aliopitia Amrouche kabla ya kanuni hizo, vinamtosha.

Ngara na Biharamulo hali ni nyingine. Mwalimu anayeinoa timu ya shule kwa ajili ya UMISSETA hana mkataba wa ukocha wa kuvunjwa, maana analipwa kama mwalimu. Ila watu wa mikataba wilaya hizi wamejaa tangu zamani: waliofanya kazi na mashirika ya wakimbizi Benako na Lukole, waliopita mgodi wa Tulawaka, waliojenga umeme wa maporomoko ya Rusumo, na sasa wanaosubiri nikeli ya Kabanga. Hao nao wanaletewa karatasi ya makubaliano.

Nimeisoma moja, ya kijana mlinzi wa Biharamulo. Ilikuwa ukurasa mmoja. Tarehe ilikuwa imeshapigwa chapa kabla hajaingia ofisini. Mstari wa tatu ulisema anaondoka "kwa hiari yangu", na wa mwisho ulisema hatadai chochote tena. Chini palikuwa na nafasi ya saini, na kando yake nafasi ya dole gumba. Alipewa mshahara wa mwezi mmoja na kuambiwa wenzake wote wamesaini.

Kwa vitabu vya rekodi za mpira naandika kafukuzwa bila kusita, na hakuna anayeumia. Kwa kijana huyu uzito ni mwingine, kwa sababu sheria haiendi na vibanda umiza. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinatambua mkataba kuvunjwa kwa makubaliano kuwa njia halali ya kumaliza ajira, na aliyekubali kwa hiari hana kufukuzwa kwa kulalamikia. Anabaki na njia ya kuthibitisha kwamba alilazimishwa, na mzigo huo ni mzito kwa mtu aliyeweka saini na kupokea fedha. Asiyesaini anaweza kudai mishahara yake, malipo ya likizo, notisi, nauli ya kurudi alikoajiriwa na kiinua mgongo kama ana mwaka kazini, na anaweza kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki. Muda wa kupeleka lalamiko hilo ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Karatasi aisome nyumbani, aikabidhi kwa anayejua kusoma mikataba, na mwajiri akimwambia lazima asaini leo hii, alichukue neno hilo "lazima" na kulipeleka CMA pamoja na karatasi yenyewe.