Mashine ya Sukari ni Rahisi, Uliza Bei ya Stripu

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka stripu za hii."

Mzee anatoa mfuko wa plastiki, anaukunjua taratibu na kuweka juu ya kaunta mashine ya kupimia sukari. Binti wa duka la dawa anaigeuza, anasoma jina lililoandikwa nyuma, anainua macho kwenye rafu, kisha anatikisa kichwa. Stripu za mashine hiyo hazijaletwa siku nyingi. "Lakini mzee wangu, mashine nyingine zipo. Hii hapa bei yake nzuri, na ndani ina stripu kumi za kuanzia."

Mashine ya mzee ni nzima. Betri inafanya kazi, kioo hakina hata mkwaruzo. Kinachokosekana ni kile kipande chembamba cha kunyonya tone la damu, na bila hicho mashine yote haina faida zaidi ya kikokotoo kilichoharibika. Ukikaa nusu saa katika duka lolote kubwa la dawa Kariakoo, hutakosa kuona mkasa wa aina hii. Watu wengi wenye kisukari wana mashine mbili au tatu kwenye droo, kila moja ikisubiri stripu zake.

Biashara ya vifaa hivi inaendeshwa kwa hesabu ya king'amuzi cha televisheni. Boksi unalipata kwa bei ya promosheni, halafu unalipia kifurushi maisha yako yote, na kadi ya kampuni hii haiingii kwenye boksi la kampuni ile. Mashine ya sukari inaweza kutolewa kwa bei ndogo, hata bure, kwa sababu muuzaji anajua kwamba faida itarudi kupitia stripu. Tena kazi yote ya kupima hufanyika kwenye stripu yenyewe. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachokutana na sukari ya kwenye damu na kuzalisha umeme mdogo sana. Mashine inausoma umeme huo, inaugeuza kuwa namba, basi. Kwa hiyo anayekwenda dukani kuchagua mashine amekosea mlango. Achague stripu kwanza, mashine ifuate.

Chukua kalamu tupige hesabu. Bei hutofautiana duka na duka, lakini tuseme kichupa cha stripu 50 umekipata kwa shilingi 30,000. Kila ukitoboa kidole umetumia shilingi 600, hujahesabu sindano ya kutobolea. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, anayechoma insulini, anashauriwa kupima walau mara nne kwa siku. Hizo ni stripu 120 kwa mwezi, yaani shilingi 72,000, na insulini bado, bomba za sindano bado, nauli ya kliniki bado. Mwaka mmoja unapita 860,000. Mbele ya fedha hiyo, punguzo la shilingi elfu kumi kwenye mashine ni kitu gani?

Miaka 40 iliyopita swali la bei ya stripu lisingejaza ukurasa wa gazeti. Mwaka 1989 timu ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili ilichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika vijiji vya Tanzania: watu wazima wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili hazikufanana kwa umri wala mbinu, lakini hata ukizipunguza makali, mlima ni mlima. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba kanda yake ya Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajui kuwa wanao.

Kupima nyumbani nako si jambo la zamani sana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi mmoja wa Marekani, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari tangu utotoni, aliona tangazo la mashine mpya ya kupima sukari iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na bei ya dola 650. Mgonjwa hakuruhusiwa kuinunua, hivyo aliiagiza kwa jina la mkewe ambaye alikuwa daktari. Akawa anajipima kutwa nzima, akajifunza mwili wake, na baadaye, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, akaingia chuo cha udaktari ili wenye taaluma wamsikilize. Leo mashine inaenea kiganjani na jibu linatoka ndani ya sekunde tano. Iliyokuwa ngumu kuipata zamani ni mashine. Siku hizi ugumu umehamia kwenye stripu.

Sasa, je, kila mwenye kisukari anahitaji stripu hizo 120? Hapana, na hili wauzaji hawatakwambia. Anayetumia insulini lazima apime, kwa sababu dozi yake inategemea namba anayoiona, na kosa linaweza kumwangusha barabarani. Anayemeza glibenclamide naye awe macho, hasa akiwa mzee au figo zake zimechoka, maana dawa hiyo inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Lakini mwenye kisukari cha aina ya pili anayetumia metformin pekee, au anayejitunza kwa chakula na mazoezi, hana sababu ya kujitoboa kila asubuhi kama anayeswali. Utafiti uliofanyika North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017 uliwafuata kwa mwaka mzima wagonjwa 450 wa aina ya pili wasiotumia insulini. Mwaka ulipokwisha, waliojipima kila siku hawakuwa na udhibiti bora wa sukari kuliko wasiojipima. Mtu wa kundi hilo fedha yake ingemfaa zaidi kwenye kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, mara mbili au zaidi kwa mwaka kadiri daktari atakavyoona.

Wenye stripu chache wazitumie kwa akili. Kupima kila siku saa moja asubuhi kunakupa namba moja ileile. Afadhali upime kwa jozi: leo kabla ya ugali wa mchana na saa mbili baada yake, wiki ijayo kabla ya chakula cha usiku na saa mbili baadaye. Hapo utajua sahani ipi inakuumiza. Na siku unapotetemeka, jasho jembamba linakutoka na moyo unakwenda mbio, hapo usibanie stripu. Sukari ikiwa chini ya 4, kwa kipimo cha mmol/L cha kliniki zetu, kula vijiko vitatu vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Kama huna stripu kabisa, kula sukari hivyohivyo, maswali yatafuata.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kutoboa kidole hakufunguzi, na miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inamtaka mfungaji afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6. Mwenye kutumia insulini anayekusudia kufunga aweke akiba ya stripu tangu Shaabani, baada ya kuzungumza na daktari wake.

Bei ikishapatikana, linabaki la kuaminika. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 katika kila 100 yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Chini ya hapo, tofauti isizidi takribani 0.8. Maana yake, mashine nzuri kabisa inaweza kusoma 8.5 au 11.5 wakati maabara inasema 10. Anayepima mara mbili mfululizo, akapata 7.2 na 7.9, akaitupa mashine kwa hasira, ametupa mashine nzima. Angalia kama kiwango hicho kimetajwa kwenye boksi au karatasi ya maelekezo, na muulize mfamasia kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Namna nyepesi ya kuikagua mashine yako ni kwenda nayo kliniki siku unayotolewa damu ya maabara ukiwa hujala. Jipime kidoleni palepale, dakika hiyohiyo, uandike namba, kisha ulinganishe majibu yakitoka. Usifanye hivyo baada ya chai na maandazi, kwa sababu ukishakula damu ya kidoleni huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipani, na utailaumu mashine bure.

Mara nyingi kosa haliko kwenye mashine. Mtu amemenya embe, amejifuta kwa kitambaa, akatoboa kidole: sukari 17! Familia nzima inahaha. Ni sukari ya embe iliyobaki kwenye ngozi, wala pamba yenye spiriti haiiondoi yote. Osha mikono kwa maji na sabuni, kausha vizuri, ndipo utoboe, tena pembeni ya ncha ya kidole ambako maumivu ni kidogo.

Kosa jingine ni joto na unyevu. Stripu nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi joto 30, na mwezi wa pili mchana Dar es Salaam, Tanga au Unguja hatuko hapo. Kile kichupa chenye kifuniko kigumu kina dawa ya kunyonya unyevu. Kiache wazi usiku mmoja katika hewa ya pwani na majibu yataanza kukudanganya. Usizihamishie kwenye kopo jingine, usizitie ndani ya sanduku la bodaboda wala juu ya dashibodi ya gari. Andika kwa kalamu tarehe uliyokifungua, maana aina nyingi huisha nguvu miezi mitatu au sita baada ya kufunguliwa hata kama tarehe iliyochapishwa iko mbali. Kwa sababu hiyo stripu za kuhesabu, zile unazotiliwa kumi kwenye bahasha ya vidonge, zikatae. Hujui kichupa chake kilifunguliwa lini.

Ndugu walioko ughaibuni wanatusaidia sana, Mungu awabariki, ila nao wana mitego yao. Mashine za Marekani zinasoma kwa kipimo cha mg/dL wakati kliniki zetu zinatumia mmol/L. Mama aliyezoea kuona 7 akiona 126 anaweza kuzimia, kumbe ni kitu kilekile: gawanya kwa 18. Zaidi ya hapo, Marekani kuna biashara ya kuuza tena stripu zilizobaki majumbani, na mwaka 2019 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliwaonya wananchi wasinunue stripu za mkono wa pili. Mwaka 2006 mamlaka hiyohiyo ilitangaza kuwepo sokoni kwa stripu bandia za OneTouch. Kama vya bandia vilipenya kule, hapa tusijidanganye. Ndugu akiuliza alete nini, mwambie alete stripu za mashine uliyonayo, boksi lisilofunguliwa, kutoka duka la dawa lenye risiti.

Neno moja kuhusu upimaji wa bure, hasa karibu na Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Ni jambo jema, mwende. Lakini hakikisha sindano ya kukutoboa imefunguliwa mbele ya macho yako. Kutobolewa kwa kifaa kimoja watu wengi kumewahi kueneza homa ya ini aina ya B katika nchi zilizoendelea, ndani ya vituo vya afya vyenyewe.

Kwa watoto na vijana wa aina ya kwanza upo mlango ambao wazazi wengi hawaujui. Tangu mwaka 2009 mpango wa Changing Diabetes in Children umekuwa ukitoa insulini, mashine na stripu bila malipo kupitia kliniki maalumu katika nchi mbalimbali, Tanzania ikiwemo, na Chama cha Kisukari Tanzania kimekuwa mshirika wake. Mzazi ambaye mtoto wake amegundulika leo aulize hospitali ya mkoa iwapo kliniki hiyo ipo, kabla hajauza shamba.

Watu wazima hawana mlango kama huo. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha sukari katika orodha ya vipimo muhimu, na sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha huduma wamtazame mgonjwa anayepewa chupa ya insulini na kurudi nayo kijijini bila namna ya kujua achome kiasi gani. Stripu za anayetumia insulini zihesabiwe pamoja na insulini, katika cheti kimoja. Na Bohari ya Dawa ikinunua kwa wingi aina mbili tatu za mashine kwa nchi nzima, mzee wa pale kaunta hatalazimika kubadilisha mashine kila mwagizaji anapobadilisha biashara.

Wakati tukisubiri hayo, ukienda dukani wiki hii uliza maswali haya kabla hujatoa pesa: kichupa cha stripu ni bei gani, kina stripu ngapi, kinaisha muda lini, na je, duka la karibu na kwako linaziuza. Omba risiti. Majibu yakikutia shaka hata baada ya kuosha mikono na kulinganisha na maabara, usitupe kichupa. Kipeleke kwa mfamasia au ofisi ya TMDA ya kanda yako, kwa kuwa taarifa za vifaa tiba vibovu hupokelewa sawa na za dawa mbovu, na namba ya toleo iliyoandikwa pembeni ya kichupa ndiyo watakayoanza nayo.