Rubani Anapochelewa Kugeuka

Tarehe 25 Juni 2015, watalii wanane walishuka kutoka meli ya kitalii iliyotia nanga Ketchikan, mji wa kusini-mashariki mwa Alaska, wakapanda ndege ndogo ya maboya kwenda kutazama Misty Fjords. Ni nyika ya ghuba nyembamba zilizozungukwa na kuta za graniti, nyingine zikipanda karibu mita 900 kutoka majini. Wakiwa njiani kurudi, ndege yao iligonga mwamba karibu na Ziwa Ella. Rubani na abiria wote wakafariki, watu tisa kwa jumla. Injini ilikuwa ikifanya kazi na mabawa yalikuwa mazima. Ndege isiyo na hitilafu, iliyomtii rubani wake hadi sekunde ya mwisho, ilikwenda moja kwa moja kwenye mlima.

Ajali ya namna hii ni ya zamani kama usafiri wa anga wenyewe, na kila inapotokea watu husema hali ya hewa imeua. Mimi naona kauli hiyo inatupotosha, kwa sababu mawingu ya Ketchikan si siri ya mtu. Mji huo hupata zaidi ya mita tatu za mvua kwa mwaka. Swali la kujiuliza ni kwa nini rubani anayeyaona mawingu mbele yake haigeuzi ndege.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndege ya maboya ni ndege ndogo iliyovuliwa magurudumu ikavishwa maboya mawili marefu ili itue na kupaa juu ya maji. Ketchikan iko kisiwani, na sehemu kubwa ya Alaska haifikiki kwa barabara, kwa hiyo ziwa au ghuba ndiyo hugeuzwa uwanja wa ndege. Nyingi ya ndege hizi ni za aina ya Beaver na Otter, zilizobuniwa Kanada miaka ya 1940 na 1950. Ni imara na zinaweza kupaa kwenye ziwa dogo. Lakini maboya yana uzito na hukinza upepo, hivyo ndege hupanda polepole.

Safari hizi za kitalii hurushwa kwa macho: rubani anatakiwa kuiona ardhi na kukaa nje ya mawingu. Kujitosa mawinguni kati ya vilele ni hatari, na kwenye baridi ya kaskazini barafu inaweza kuganda juu ya mabawa. Mawingu yakishuka, na yeye hushuka. Akishuka, anajikuta ndani ya bonde, kuta kushoto na kulia, wingu kichwani. Nafasi aliyobaki nayo hupungua kila dakika, kwa sababu mabonde huwa membamba na sakafu zake hupanda kadiri unavyoingia ndani.

Hapo hesabu ya fizikia haimbembelezi mtu. Ndege inayokwenda kilomita 185 kwa saa, ikiinamishwa nyuzi 30 ili igeuke irudi ilikotoka, inahitaji upana wa karibu kilomita moja. Ikipunguza mwendo hadi kilomita 150 kwa saa, upana huo hushuka hadi mita 600 hivi. Ndiyo maana marubani wa milimani hufundishwa kupunguza mwendo mapema na kuruka kando ya ukuta mmoja wa bonde, ili upande wa pili ubaki wazi kwa kugeuka. Anayepita katikati amejinyang'anya nusu ya nafasi yake. Na anayesubiri mpaka awe na hakika kwamba mbele hakupitiki, mara nyingi hupata hakika hiyo mahali ambapo hawezi tena kugeuka.

Macho nayo hudanganya. Ukungu mwembamba huufanya mlima wa karibu uonekane wa mbali, na mlima wenye misitu ukichanganyika na wingu la kijivu huwa hauna ukingo. Maji yaliyotulia kama kioo hayamwonyeshi rubani yuko juu yake kwa mita ngapi.

Je, vifaa havisaidii? Husaidia, vikiachwa viseme. Ndege iliyoanguka mwaka 2015 ilikuwa na mtambo wa kuonya kwamba mlima uko karibu, lakini maonyo yake yalikuwa yamezimwa kwa kitufe. Sababu yake inaeleweka. Sheria ya Marekani iliruhusu ndege kama hizo kuruka futi 500 juu ya ardhi, ilhali mtambo ulitengenezwa kupiga kelele ndege ikiwa chini ya futi 700. Rubani aliyefuata sheria alipigiwa kelele safari nzima, naye akaunyamazisha. Siku onyo lilipokuwa la kweli, halikusikika.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipomaliza uchunguzi wake mwaka 2017, ilitaja uamuzi wa rubani wa kuendelea kuruka kwa macho kuingia mahali pasipoonekana vizuri. Haikuishia hapo. Iliitaja pia kampuni ya ndege hiyo, kwamba utamaduni wake ulikubali kimyakimya kuruka katika hali mbaya, na kwamba haikudhibiti hatari zilizoletwa na ushindani wa kibiashara. Rubani hakuwa na hata miezi miwili ya kurusha watalii katika eneo lile. Abiria walitakiwa kuwa wamerudi melini saa sita na nusu mchana, na ndege ilianguka robo saa kabla. Kulikuwa na njia ndefu zaidi, iliyopita zaidi juu ya maji. Yeye alishika njia ya mkato, juu ya milima. Tofauti kati ya njia hizo ilikuwa dakika chache tu.

Ratiba ya meli hubana hata siku ya anga nzuri. Tarehe 13 Mei 2019, ndege mbili za maboya zilizobeba watalii ziligongana angani karibu na mji uleule, watu sita wakafa. Meli zinapotia nanga, ndege hupaa kwa wingi kwenda kwenye vivutio vilevile. Marubani walitegemea kuonana kwa macho, na mitambo yao ya kuonyesha ndege nyingine haikuwapa onyo. Kisha Agosti 2021, ndege nyingine ya watalii ikaanguka katika milima ileile, na wote sita waliokuwemo wakafariki.

Nyika huongeza adhabu yake baada ya ajali. Agosti 2010, ndege ya maboya iligonga mlima karibu na Dillingham, magharibi mwa Alaska. Watano kati ya tisa walikufa, akiwemo Ted Stevens, aliyekuwa seneta wa jimbo hilo kwa miaka 40. Chanzo cha ajali hiyo hakikufahamika kikamilifu. Kilichofahamika ni kwamba kifaa cha kutuma ishara ya dharura kilichomoka mahali kilipofungwa, kikatengana na antena yake, na ishara haikupokewa. Ndege ilianguka alasiri, lakini manusura wanne waliokolewa kesho yake asubuhi, baada ya kulala mlimani wakiwa na majeraha.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni ya Alaska peke yake. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo ya magurudumu iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare, wote 10 wakafariki. Mabaki yalipatikana siku ya tatu. Mlima na wingu havichagui nchi.

Tiba zinajulikana: mtambo wa onyo uliorekebishwa ili rubani asitamani kuuzima, kamera za hali ya hewa milimani, mafunzo ya eneo lenyewe kabla ya kukabidhiwa abiria, na mtu wa pili ofisini mwenye mamlaka ya kuizuia ndege isipae. Lakini yote hayo hayatoshi iwapo rubani anayegeuka anahesabiwa mzembe na anayepenya anahesabiwa hodari. Kampuni inapaswa kumlipa rubani aliyerudi sawasawa na aliyefika, na meli inapaswa kuwasubiri abiria wake.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Kabla ya kulipa, uliza kama utarudishiwa fedha safari ikiahirishwa kwa sababu ya mawingu, na uliza ni nani mwingine asiye rubani anayeweza kuisimamisha. Rubani akisema leo haturuki, au akigeuza ndege nusu ya safari, mshukuru waziwazi, mbele ya bosi wake. Rubani wa kesho atageuka mapema ikiwa ameona kwamba wa leo hakuadhibiwa.