Abiria wa Mara ya Kwanza Katika Meli ya Matembezi

Katika misimu ya kaskazi huonekana mbele ya mji wetu meli nyeupe, zenye ghorofa nyingi kuliko nyumba yoyote ya Mji Mkongwe, ambazo hutia nanga kwa saa chache na jioni zikaondoka. Watoto wa Forodhani huzihesabu ghorofa hizo, na wakubwa huulizana ndani mna nini. Siku hizi swali hilo si la udadisi mtupu. Wapo wazee wa visiwani petu ambao watoto wao, wanaofanya kazi Uingereza, Kanada au Omani, huwaalika na kuwakatia tiketi ya meli hizo, na mzee hujikuta anafunga sanduku pasipo kujua anakwenda katika jambo gani. Tumeona basi inafaa tueleze kwa uwazi yale yanayomsubiri abiria wa mara ya kwanza. Na lipo moja katika hayo ambalo tungependa viongozi wetu walisome pamoja na wananchi.

Kwanza ifahamike kwamba safari ya namna hii haikusudiwi kumfikisha mtu mahali. Mtu wetu hupanda chombo kwa kuwa ana shughuli Pemba, ama ana mgonjwa Muhimbili, ama ana mali ya kuuza bara. Abiria wa meli ya matembezi hana shughuli. Aghalabu baada ya siku 7 au 10 hurudishwa bandari ile ile aliyoondokea, na katika siku hizo meli ndiyo nyumba yake, hoteli yake na mtaa wake. Na ni mtaa mkubwa kweli kweli. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwezi Januari 2024, ina urefu wa kiasi cha mita 365 na sitaha 20, na inaweza kuchukua abiria hata 7,600, mbali na mabaharia na watumishi zaidi ya 2,000. Shehia zetu nyingi hazina watu hao.

Jambo linalowaumiza wengi ni karatasi. Anayeondoka Miami akazunguka visiwa vya Karibi na kurejea Miami amekwisha kutoka Marekani na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haimfai. Hali ni hiyo hiyo kwa anayepanda meli Barcelona au Athens ikampitisha Uturuki na kumrudisha Ulaya. Kwa watu wetu, safari za Ghuba ndizo ambazo zimekuwa karibu zaidi: katika miaka ya karibuni meli kadhaa zimekuwa zikizunguka huko nyakati za baridi, baina ya Dubai, Doha, Khasab na Maskati, na si haba waliopata kuona bandari za mababu zao kwa njia hiyo. Hata hivyo pasipoti iangaliwe na viza ya kila nchi iulizwe kabla fedha hazijalipwa. Abiria asiye na viza ya bandari moja tu katika safari anaweza kukataliwa asipande kabisa, na fedha zake zisirudi.

Bei inayotangazwa nayo ina mlango wa nyuma. Hutajwa kwa kichwa, kwa kukadiria kwamba chumba kina watu wawili. Anayelala peke yake huongezwa, pengine akalipa karibu sawa na wawili. Ndani ya bei mna chumba, chakula na michezo mingi. Nje ya bei kuna vinywaji vingi, matembezi ya bandarini, daktari, na bakshishi ya watumishi, ambayo katika meli nyingi hukatwa kila siku kwa kila abiria. Tungemwomba msafiri asiinung'unikie sana hiyo ya mwisho. Watumishi wa meli hizo wengi ni watu wa Ufilipino, Indonesia na India, wenye mikataba ya miezi 6 hadi 9 mbali na watoto wao, na bakshishi ni sehemu kubwa ya riziki yao. Ama daktari wa meli, hutoza kama daktari wa hoteli, na mtu asiye na bima akiugua anaweza kushuka na deni kubwa kuliko nauli. Mama mjamzito aliyefikisha wiki 24 hukataliwa katika meli nyingi.

Mizigo hupitishwa katika mashine kama uwanja wa ndege. Pasi ya umeme, hita ya kuchemshia maji, mishumaa na udi havikubaliwi. Mama anayetia chetezo katikati ya kanga zake ajue kwamba kitatolewa kabla sanduku halijafika chumbani, naye asidhani amedharauliwa. Moto baharini hauna jirani wa kuuitia ndoo. Anayetaka nyama halali na aseme siku ya kukata tiketi, maana jikoni hupanga mambo yao mapema. Asiposema, samaki na mboga zipo tele.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mgeni hudhani kwamba kitu cha kwanza atakachopokewa nacho ni chakula au ngoma. Sivyo. Anapokanyaga ngazi hupigwa picha na kupewa kadi, na kadi hiyo husomwa na mashine kila atokapo na kila aingiapo, hata nahodha aweze kuambiwa saa yoyote ni watu wangapi wamo na nani bado yuko nchi kavu. Kisha, kabla meli haijaondoka, kila abiria, tajiri na asiye tajiri, hufundishwa namna ya kuokoka. Huonyeshwa jaketi lake la kuokolea na namna ya kulifunga, huambiwa mahali atakaposimama siku ya hatari, na husikilizishwa king'ora: milio mifupi 7, kisha mmoja mrefu. Zamani watu wote walikusanywa pamoja juani. Tangu maradhi ya mwaka 2020 meli nyingi humwacha kila mtu atazame maelezo chumbani, kisha aende mwenyewe mahali pake akatiwe alama kwamba amefika. Asiyefika huitwa kwa jina, na anayekataa kabisa anaweza kushushwa.

Desturi hii haikuzaliwa kwa hisani ya wenye meli. Titanic ilipozama tarehe 15 Aprili 1912, wakafa watu zaidi ya 1,500, ilionekana kwamba mashua zake zote zisingeweza kubeba ila watu 1,178, na ndani mlikuwa na zaidi ya 2,200. Miaka miwili baadaye mataifa yalitia sahihi mkataba wa kwanza wa usalama wa watu baharini, ambao umekuwa ukitengenezwa upya tangu hapo. Unaotumika hivi sasa ni wa mwaka 1974 pamoja na nyongeza zake nyingi. Na bado haukutosha. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia, yenye watu 4,229, ilipigwa na mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Sheria ya wakati ule iliruhusu mafunzo hayo yatolewe ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Mamia ya watu waliokuwa wamepanda Civitavecchia jioni ile ile hawakuwa wamefundishwa lolote. Walikufa watu 32, na nahodha, aliyetoka melini wakati abiria wangali ndani, alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Kuanzia tarehe 1 Januari 2015 mkataba umeamuru mafunzo yafanyike kabla ya kuondoka, au mara tu chombo kinapoondoka.

Katika bahari yetu hii ya Hindi kuna kisa kingine ambacho hatukichoki. Meli Oceanos iliondoka East London, Afrika Kusini, tarehe 3 Agosti 1991 kuelekea Durban, katika bahari iliyochafuka. Maji yaliingia chumba cha mitambo, taa zikazimika. Nahodha na baadhi ya maofisa wake walitangulia kuondoka. Waliobaki kuwashika watu mkono walikuwa wapiga gita na watumbuizaji wa meli. Mmoja wao, Moss Hills, alikwenda kwenye redio ya nahodha akaita msaada, hali hakuwa baharia. Helikopta ziliwanyanyua watu mmoja mmoja hadi siku ya pili yake, na tarehe 4 Agosti meli ikazama. Watu wote 571 walipona. Tunaisimulia habari hii kwa sababu watumbuizaji hao hawakuwa na cheo chochote cha kuamrisha, ila walijua watu wako wapi na wakawaweka pamoja.

Wananchi wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa tunalenga wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander I ilipinduka mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Maiti 203 ndizo zilizopatikana. Tume ya Serikali ikaja kuona kwamba waliopotea wanazidi elfu moja. Hesabu ya waliokuwamo ilibidi itafutwe baada ya maafa, kwa sababu kabla ya maafa hapakuwa na hesabu ya kuaminika. Tarehe 18 Julai 2012, kabla mwaka haujatimia, MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Hapa kuna nukta ya sheria ambayo tungependa wahusika waitazame. Mkataba wa mataifa unataka abiria wote wahesabiwe kabla chombo hakijaondoka, na katika safari ya zaidi ya maili 20 za bahari majina yao yaandikwe, wanaume na wanawake, wakubwa, watoto na wachanga. Lakini mkataba huo unahusu safari za kutoka nchi moja kwenda nyingine. Safari za ndani ya nchi huachiwa nchi yenyewe. Maana yake ni kwamba mtalii anayekwenda kula na kucheza baharini amelindwa na mataifa yote, ambapo mama anayevuka na mwanawe kutoka Malindi kwenda Mkoani analindwa na kanuni tunazoziandika wenyewe na maofisa tunaowaajiri wenyewe. Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa tangu 2012. Majina kwenye tiketi ni hatua, na boti za leo ni za kasi na bora kuliko zile. Tunachosema ni kwamba jina kwenye tiketi si mtu kwenye chombo. Tiketi huuzwa tena, na mtoto wa mgongoni hupita pasipo tiketi. Hesabu ya kweli hufanyika mlangoni, kichwa kwa kichwa, na karatasi yake hubaki gatini chombo kinapoondoka.

Tukirudi kwa msafiri wetu, ambaye tumemwacha na jaketi mkononi: mengine yote ni mepesi. Bahari ikimlevya, na achague chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, kama wanavyojua wazee wa majahazi. Meli kubwa zina mapezi ya chuma ubavuni ya kutuliza mrama, ila hayaufuti kabisa. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kila mara kabla ya kula, maana maradhi ya tumbo husambaa upesi watu wanapokula sahani za pamoja. Na kwamba meli inaweza kugeuka karantini lilionekana Yokohama mwezi Februari 2020, ambapo katika watu 3,711 wa Diamond Princess, 712 waliambukizwa korona. Bandarini ashike saa ya meli, si saa ya mji. Waliotoka kwa matembezi yaliyoandaliwa na meli husubiriwa; aliyekodi teksi yake akachelewa ataiona meli kwa mgongo, na atajitafutia mwenyewe nauli ya kuifuata bandari inayofuata. Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango ili yatangulie, kwa hiyo dawa, pasipoti na nguo za asubuhi zibaki mkononi. Tumesikia kwamba wapo wanaoshuka na nguo za kulalia.

Na kwa maofisa wa bandari zetu tuna ombi moja lisilohitaji bajeti. Meli ijayo ya matembezi itakapotia nanga mbele ya Forodhani, waombe ruhusa ya nahodha, wasimame pale juu ya ngazi saa abiria wanaporejea, waone mashine inavyosoma kadi moja moja, na wamwulize ofisa wa zamu amebakiwa na watu wangapi nje. Kisha jioni hiyo hiyo waende kwenye lango la chombo cha Pemba, wamwulize mkaguzi wa tiketi swali hilo hilo.