Simu Iandikayo Njia



Misafara ya pwani ilikwenda kwa miguu toka Bagamoyo hadi Tabora, na toka huko hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, Speke alipima jua na nyota apate kujua wako wapi. Leo kazi hiyo hufanywa na simu ya mkononi.

Simu hupokea mawimbi ya redio yatokayo kwenye setilaiti. Ikizipata nne au zaidi hujua mahali ilipo pamoja na kimo chake, na programu huichora njia yote uliyopita. Kwa kuwa hupokea tu, kazi hii haihitaji mtandao.

Lakini kupakua ramani kwahitaji mtandao. Basi mwanachama atakayeifuata njia ile ya zamani, na apakue ramani angali Tabora mjini, aiwashe programu kabla ya kuondoka, na achukue betri ya akiba. Katika misitu ya miyombo miti hufanana; akipotea, mstari ule ndio utakaomrudisha alikotoka. Simu ikizimika, hana kiongozi.