Jihadhari na Moto Usio na Moshi

Mtu aliyezaliwa Mbaha, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, haijui baridi mpaka apande mlima. Ziwa liko kiasi cha meta 475 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Umatengo iliyo nyuma yake hupita meta 1,800. Na kwa kila meta 1,000 anazopanda msafiri, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6. Basi kijana aliyezoea kulala kwa shuka moja huku akisikia mawimbi, apandapo Mbinga mwezi wa Juni au Julai, ama kwa masomo, ama kuuza dagaa, ama kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa, hujikuta akitetemeka usiku kucha, na asubuhi ukungu umetanda hata nyumba ya jirani haionekani.

Hapo ndipo jiko la mkaa huingizwa chumbani. Limekwisha pikia chakula cha jioni, mkaa ungali mwekundu, moshi hakuna, na mlango ukifungwa chumba hupata joto la kupendeza kwa muda mfupi. Wenye chumba hulala usingizi mzito. Pengine huamka na kichwa kizito, wakadhani ni uchovu. Na pengine hawaamki kabisa. Kila mwaka, msimu wa baridi uingiapo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, habari za namna hii husikika, na mara nyingi waliokufa ni watu wa nyumba moja: mume, mke na watoto.

Twapenda kulieleza jambo hili kwa urefu, kwa sababu tumeona kwamba wengi huogopa moshi na huuamini moto usio na moshi. Moshi ni adui anayepiga hodi. Huwasha macho, hukohoza, humtoa mtu nje. Mkaa uliokwisha shika vizuri hautoi moshi, lakini hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi pua. Hewa hiyo hupatikana penye moto wowote uwakao kwa upungufu wa oksijeni, na mkaa huitoa kwa wingi. Kwa hiyo ile desturi njema ya kuwashia jiko nje mpaka moshi uishe, ndipo liingizwe ndani, huondoa moshi tu. Sumu huingia pamoja na jiko.

Kazi yake mwilini ni hii. Damu yetu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Kaboni monoksaidi ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikakaa mahali pake wala haitoki upesi. Mtu huendelea kuvuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo unakosa riziki yake. Ndiyo sababu aliyelala hashtuki: hahisi kukabwa. Mtoto mchanga, mzee, mwenye maradhi ya moyo na mama mjamzito huathirika upesi kuliko wengine, na mtoto aliye tumboni huweza kudhurika hata ikiwa mama yake amepona.

Katika Umatengo wa zamani familia ziliota moto ndani kwa miaka mingi, na watu huuliza, mbona wazee wetu hawakufa? Jibu liko katika nyumba yenyewe. Paa la nyasi hupitisha hewa, na mlango wa miti una nyufa. Nyumba ya leo ni ya matofali ya kuchoma, ina bati, ina dari, ina madirisha ya vioo, na mwenye nyumba mwenye bidii huziba na upenyo wa chini ya mlango ili baridi isipite. Amejenga vizuri, ila moto aliouchukua kutoka nyumba ya zamani haufai katika nyumba hii mpya. (Wala hatusemi kwamba moshi wa zamani ulikuwa salama. Macho mekundu ya bibi zetu na vifua vyao vya kukohoa ni ushahidi wa kutosha.)

Wapo wasemao kwamba beseni la maji likiwekwa karibu na jiko litainywa sumu. Si kweli, hewa hiyo haiyeyuki katika maji ila kidogo mno. Wapo wasemao kwamba sumu hulala chini, kwa hiyo alalaye kitandani amenusurika. Hilo nalo si kweli, maana uzito wake unakaribia sana ule wa hewa ya kawaida, nayo huenea chumba kizima. Na makaa ya mawe, yachimbwayo Ngaka katika wilaya hiyo hiyo ya Mbinga tangu mwaka 2011, hayana nafuu yoyote katika jambo hili. Yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hatari ni ile ile, tena na moshi wake.

Je, dalili ni zipi? Kwanza ni kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea miguu na kuchanganyikiwa. Msomaji wa Mbaha atasema mara moja, hiyo ni malaria. Naye ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa pwani ya ziwa malaria haipumziki. Lakini yako mambo ya kupambanua. Sumu hii kwa kawaida haileti homa. Huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, hata paka wa nyumbani huweza kulegea. Na mgonjwa hupata nafuu akitoka nje, kisha akirudi ndani kichwa humuuma tena. Nyumba ambayo watu wake wote huamka na kichwa kizito asubuhi za Julai, na ifikapo adhuhuri wamepona, isitafute dawa dukani kabla ya kulitazama jiko.

Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwakataza Waislamu kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala, na habari hiyo imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Wengi huyafahamu makatazo hayo kuwa ni ya kuzuia nyumba isiungue, na ndivyo yalivyo. Lakini mwenye kuyafuata huokoka na hili jingine pia. Twaikumbusha hasa familia ya Kiislamu kwa ajili ya Ramadhani. Mwezi huo uangukapo katika majira ya baridi, kama ulivyoanguka mwaka 2014 na 2015, kishawishi ni kikubwa cha kuufunika mkaa wa futari kwa majivu ili uwe tayari kwa daku. Mkaa uliofunikwa majivu hupata hewa kidogo, nao hutoa sumu usiku mzima kwa utulivu. Ukae nje.

Jiko lenyewe nalo lataka kutunzwa. Udongo wa ndani ukipasuka, mkaa ukajaa hadi pomoni, au mlango wa chini ukazibwa na majivu, hewa haipiti vizuri na sumu huzidi. Majivu yatolewe kila siku, na jiko lililopasuka lizibwe au lipelekwe kwa fundi. Jiko la kuni lenye dohani lisafishwe masizi kabla ya Juni, maana dohani iliyoziba huurudisha moshi wote ndani. Hata hivyo, hakuna fundi awezaye kulifanya jiko la mkaa lifae kulala nalo. Kwa kujikinga na baridi, blanketi la pili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa vitatosha usiku wa Mbinga, ambako hatujapata kusikia theluji.

Lakini watoto wetu wengine wamekwenda mbali kuliko Mbinga, huko Uingereza, Kanada na Marekani, ambako maji huganda mtoni. Nao huichukua desturi ya nyumbani. Mwezi wa Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme katika mji wa Seattle na vitongoji vyake, nchini Marekani, wakati wa baridi kali. Familia nyingi za wahamiaji, wakiwamo Wasomali, ndugu zetu wa Afrika Mashariki, ziliingiza ndani majiko ya mkaa, na nyingine zikawasha jenereta. Zaidi ya watu 200 walitibiwa kwa sumu hii, na wako waliokufa. Gazeti la mji huo lilichapa onyo katika ukurasa wake wa kwanza kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwa mojawapo.

Katika nchi hizo nyumba nyingi hupashwa joto na tanuru lililofichwa chini ya nyumba au kabatini, liwakalo kwa gesi au mafuta. Moto huwaka upande mmoja wa bati la chuma, na hewa ya kupumua hupita upande wa pili ikipata joto; hewa ya sumu hutolewa nje kwa bomba. Chuma hicho kikipasuka kwa uzee, au bomba likilegea, au tundu lake nje ya ukuta likizibwa na theluji, yale ya chumba cha Mbinga hutokea katika nyumba ya ghorofa mbili. Mpangaji asiyejua Kiingereza cha mafundi aweza kuzitambua dalili kwa macho yake mwenyewe. Ndimi za moto wa gesi huwa za buluu na zimetulia. Zikiwa za manjano na kuyumbayumba, kuna kasoro. Masizi au alama nyeusi karibu na tanuru, kutu kwenye bomba, vioo vya madirisha kulowa kupita kiasi kila asubuhi, moto kuzimika wenyewe mara kwa mara: yote hayo yatosha kuzima mtambo na kumwita fundi, au kumwandikia mwenye nyumba barua.

Kazi ya mwenyeji ni ndogo: kubadilisha kichujio cha hewa kila mwezi mmoja hadi mitatu, kuondoa theluji mbele ya bomba, na kuhakikisha fundi mwenye leseni amelikagua tanuru kila mwaka kabla ya baridi. Asilifungue sehemu ya moto kwa kujaribu. Wala asipashe nyumba joto kwa jiko la gesi la jikoni. Na aweke kengele ya kutambua kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala. Katika Uingereza, tangu Oktoba 2022, sheria yawalazimisha wenye nyumba za kupanga kuiweka katika chumba chenye mtambo wa kuchoma gesi, mafuta au kuni, majiko ya gesi ya kupikia hayamo, asiyewekewa, adai. Mzazi aliye Mbaha, anapozungumza na mwanawe kwa simu na kumuuliza kama amekula, amuulize na habari ya kengele hiyo.

Ikitokea bahati mbaya, popote pale, fungua mlango na madirisha, uvute pumzi ya nje kabla ya kuingia, uwatoe watu kwanza na jiko baadaye. Asiyejitambua alazwe kwa ubavu penye hewa, na asiyevuta pumzi asaidiwe na ajuaye. Kisha wapelekwe hospitali wote, hata wale wasemao wamepona; maana kwa hewa ya kawaida sumu huchukua saa nne au tano kupungua nusu, ilhali kwa oksijeni safi ya hospitali muda huo ni kama saa moja au moja na nusu. Na anayewapeleka aseme waziwazi kwamba chumbani palikuwa na jiko. Asiposema, daktari ataanza kutafuta malaria. Na kile kipimo cha oksijeni kibanwacho kidoleni hudanganywa na sumu hii, kikaonyesha kwamba damu ya mgonjwa ni njema.