Bahati Nayo Ina Hesabu Yake

Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani za juzi, kaskazini kidogo tu ya Minneapolis, kule basi namba 10 linakopita Central Avenue, palikuwa na msichana wa darasa la 12. Jina lake silitaji kwa kuwa nimemtunga mwenyewe. Lakini mji wake wa Columbia Heights upo, shule yake ya Columbia Heights High School ipo, na vyuo nitakavyovitaja vipo, unaweza kupanda basi ukavitazame kwa macho yako.

Mama yake alikulia Nairobi, na sasa anafanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Asubuhi moja alirudi kutoka kazini, akavua viatu vya theluji mlangoni, akamkuta binti yake mezani na karatasi za vyuo.

"Mwanangu, nimesikia mtoto wa jirani amelipiwa chuo. Wewe nafasi yako ni ngapi kwa mia?"

"Mama, wanasema niombe tu. Bahati ni bahati."

"Bahati gani isiyo na hesabu? Hata chama chetu cha akiba kina hesabu!"

Msichana akacheka, kisha akanyamaza, maana mama alikuwa na haki. Wakavuta kalamu na daftari. Nami nitawaeleza walichokokotoa, kwa sababu wengi wenu mtaketi kwenye meza kama ile.

Kwanza wakaangalia bei. University of St. Thomas, chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1885 mjini Saint Paul, ada yake peke yake inapita dola 50,000 kwa mwaka, hujaweka chakula wala chumba. Macalester, jirani yake, inapita 60,000. Mama alishika kichwa. Lakini subirini. Katika vyuo vya binafsi vya Marekani visivyotafuta faida, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ukiwachukua kwa jumla, hupunguziwa zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa. Chuo hutaja bei ya juu kama muuza vitenge anayejua fika kwamba utaomba apunguze. Tofauti ni kwamba muuza vitenge haandiki barua ya kukupongeza.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ufadhili wa ufaulu ni punguzo la bei. Augsburg, chuo cha mwaka 1869 kilicho karibu kabisa na maghorofa ya Cedar-Riverside wanakoishi Wasomali wengi, Hamline cha mwaka 1854, na St. Thomas niliyoitaja: vyote hivyo hutazama ombi lako lilelile la kujiunga, alama zako za sekondari zikiwa mbele, na kiasi fulani cha fedha huja pamoja na barua ya kukubaliwa. Hapo swali la "nitapata au sitapata" halina uzito. Swali ni "nitapata ngapi".

Kuna vyuo ambako hesabu ni fupi zaidi: sifuri. Harvard na wenzake saba wa kundi la Ivy League hawatoi fedha kwa ajili ya alama hata kidogo. Wanatazama uwezo wa familia tu. Carleton, kule Northfield, karibu msaada wake wote nao hufuata uhitaji. Unaweza kuwa wa kwanza wilaya nzima, na nafasi yako ya kupata ufadhili wa ufaulu Harvard ikabaki sifuri. Sisemi usiombe. Familia ya kipato kidogo inaweza kulipa kidogo sana huko ikiwa mtoto atakubaliwa. Ila usiipige hesabu kwa fomula isiyo yake.

Sasa msichana akauliza, "Vyuo vya katikati je? Nitajuaje?"

Hapa ndipo penye utamu. Vyuo vingi Marekani hujaza kila mwaka jedwali liitwalo Common Data Set na kuliweka hadharani kwenye tovuti zao. Ni refu na linachosha, lakini nenda moja kwa moja sehemu ya H. Tafuta idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ondoa wale ambao chuo kimeona wana uhitaji wa fedha. Waliobaki ni watoto ambao familia zao zinahesabiwa kuwa zinaweza kulipa. Kisha shuka mpaka H2A, uone wangapi kati ya hao waliobaki walipewa fedha za chuo hata hivyo, na kwa wastani dola ngapi. Hao hawakupewa kwa sababu ya mfuko mtupu. Chuo kiliwataka.

Tuseme chuo kina wanafunzi wapya 1,000, na 600 wana uhitaji. Wamebaki 400. Jedwali linasema 380 kati yao walipewa fedha. Gawa: 95 kwa mia. Chuo hicho kinampunguzia karibu kila mtu. Chuo kingine kina wapya 500, wenye uhitaji 280, wamebaki 220, na waliopewa ni 22. Hapo ni 10 kwa mia. Namba hizi nimezitunga ili mfuate hesabu. Za kweli mtazisoma wenyewe.

Msichana wetu alikuwa makini. "Lakini Mama, hawa ni wale walioingia chuoni. Waliokubaliwa bila fedha wakaenda kwingine hawamo." Kweli kabisa. Namba ya jedwali huwa inapendeza kuliko hali ilivyo, kwa sababu walionyimwa wengi walishaondoka kabla ya kuhesabiwa. Ipunguze kidogo kichwani mwako. Halafu rudi sehemu ya C, utakuta alama za mitihani ya ACT na SAT za robo ya chini na robo ya juu ya waliojiunga, na mara nyingi wastani wa alama zao za sekondari. Ukiwa juu ya robo ya juu, wewe unapandisha wastani wa chuo, na chuo kinalipia jambo hilo. Ukiwa katikati, tegemea kiasi cha kawaida. Ukiwa chini, shukuru ukikubaliwa.

Mama alipolisikia hilo alikumbuka kisa cha zamani. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alizunguka Marekani akihutubia vyuoni na kuomba nafasi za masomo, na Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege kutoka Nairobi. Mwaka 1960 familia ya Kennedy, kupitia taasisi yao, ikatoa dola 100,000 kwa safari iliyofuata. Miongoni mwa waliokwenda mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Alisoma wapi? Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha Kikatoliki cha wasichana mjini Atchison, Kansas. Wengi wenu hamjapata kukisikia. Kilikuwa na nafasi na kilimtaka.

Turudi mezani. Bado kuna aina nyingine ya ufadhili, ile inayowatoa watu usingizi: mashindano ya kulipiwa ada yote. Insha, barua za walimu, siku ya mahojiano. Tuseme wanaomba 600, wanaitwa 60, wanapewa 12. Kabla ya kuitwa nafasi yako ni 2 kwa mia. Ukiitwa, ni 12 kati ya 60, yaani 20 kwa mia. Kuitwa kumekupandisha mara kumi, na bado wanane kati ya kila kumi walioitwa watarudi nyumbani bila kitu. Watu husahau nusu hii ya pili, wakaanza kununua koti jipya.

"Basi niombe mashindano matano," akasema msichana, "kila moja nafasi 10 kwa mia, nipate 50." Sivyo. Nafasi ya kukosa kila shindano ni 0.9. Zidisha 0.9 kwa yenyewe mpaka zitimie tano: unapata 0.59. Nafasi ya kukosa yote ni 59 kwa mia, na ya kupata angalau moja ni 41. Na hata hiyo 41 inadhani mashindano hayajuani. Insha ni ileile, alama ni zilezile. Udhaifu ulioonwa na jopo la kwanza utaonwa na la tano. Ndiyo maana insha moja iliyoandikwa upya mara kadhaa inaweza kukufaa kuliko maombi mawili zaidi.

Mwezi wa tatu barua zikafika. Chuo cha kwanza kilimpa ufadhili wa dola 30,000 kwa mwaka, kwa wino wa rangi. Cha pili 24,000. Msichana alitaka kuruka. Mama akachukua kalamu. Chuo cha kwanza, gharama yote 70,000, toa 30,000, toa ruzuku nyingine 9,000, inabaki 31,000. Cha pili, gharama 60,000, toa 24,000, toa ruzuku 13,000, inabaki 23,000. Ufadhili mdogo ulikuwa nafuu kwa dola 8,000 kila mwaka, 32,000 kwa miaka minne. Chini ya barua ya kwanza palikuwa pameandikwa pia mkopo, umepangwa safu moja na ruzuku kana kwamba nao ni zawadi. Nalisema wazi: huo ni ujanja, na mzazi aliyetoka zamu ya usiku ndiye wa kwanza kunaswa.

Barua ya tatu ilikuwa ya chuo cha umma. Tangu vuli ya mwaka 2024, mpango wa Minnesota uitwao North Star Promise unaondoa ada katika vyuo vya umma vya jimbo kwa familia yenye kipato chini ya dola 80,000. Ufadhili wowote wa chuo cha binafsi upimwe dhidi ya gharama ya chuo hicho cha umma, sio dhidi ya furaha ya jirani.

Basi nanyi fanyeni hivi. Tangu mwaka 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya masomo ya serikali kuu viweke kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Kaeni na mzazi mkijaze kabla ya kuomba, kwa kipato cha kweli. Jazeni mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa sababu Pell Grant, ruzuku ya serikali hiyo kwa wenye kipato kidogo, hufika hadi dola 7,395 kwa mwaka, na haitaki ushinde mtu yeyote. Maktaba ya mji, pale Central Avenue, ina kompyuta. Vyuo vingi hutaka jibu kufikia Mei 1. Kabla ya tarehe hiyo, iandikieni ofisi ya ufadhili maswali mawili: nikipata ufadhili wa nje mtapunguza wenu, na nishike wastani gani wa alama ili nibaki nao miaka yote minne? Chuo kisichotaka kuwajibu kwa maandishi, kifuteni kwenye orodha.